Mwongozo Kamili wa Alfa Romeo Spider: Kulichagua, Kulikagua, Kulitunza na Kuliendesha Paa Likiwa Chini

Nimekulia Tanga. Upepo wa kusi ukishatulia tulikuwa tunaokota mifupa ya dome ufukweni: myeupe, myepesi, mviringo huku na huku. Tukiitia majini kama mashua inaelea. Miaka mingi baadaye, nikiwa mgeni hapa Torino, nilikuta gari dogo jeupe la wazi limeegeshwa kando ya mto Po. Nyuma limechongoka na kujipinda, mbele vilevile, ubavuni limechimbwa mfuo mrefu. Mzee aliyekuwa analifuta vumbi aliniambia Waitaliano wanaliita osso di seppia. Nilipouliza maana yake nikaambiwa ni mfupa wa dome. Tangu siku hiyo sikuwa na raha mpaka nilipolipata la kwangu.

Gari lenyewe ni Alfa Romeo Spider. Lilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, Machi 1966. Bodi yake ni ya Pininfarina, karakana ya hapa Torino, na inahesabiwa kuwa kazi ya mwisho ya mzee Battista Farina, aliyeitwa Pinin, aliyefariki Aprili mwaka huohuo. Liliendelea kutengenezwa mpaka 1993 na idadi yake ilipita 124,000. Kwa hiyo si gari la kwenye makumbusho tu. Mtu wa kipato cha kawaida, akiwa na subira na akijua anachokitafuta, analipata. Ninachokiandika hapa nimejifunza kwa magari mawili: la kwanza nililinunua vibaya, la pili ni Spider 2000 la mwaka 1974 ambalo ninalo hadi leo.

Hatua ya kwanza: amua unataka la miaka gani

Kuna vizazi vinne, na tofauti yake kubwa inaonekana nyuma. Kizazi cha kwanza, 1966 hadi 1969, ndicho chenye mkia wa mviringo. Kilianza na injini ya sentimita za ujazo 1,570 yenye nguvu za farasi 109, na jina la Duetto lilipatikana kwa kushindanisha wananchi. Baadaye ikaja 1750, na 1300 Junior kwa wenye mfuko mwembamba. Haya ndiyo yanayotafutwa kuliko yote, na bei inalingana na sifa.

Kuanzia 1970 mkia ulikatwa wima na kioo cha mbele kikalazwa zaidi. Waitaliano wanaita coda tronca, mkia uliokatwa. Injini ya 2000 iliingia 1971. Mimi nasimama na kizazi hiki bila kusita: buti ni kubwa zaidi, injini ina nguvu ya kutosha kwenye mizunguko ya chini kupanda mlima bila kubadilisha gia kila mara, na bado chuma cha mbele na nyuma kinang'aa bila mapambo ya raba. Kizazi cha tatu, cha miaka ya 1980, kilivishwa raba nyeusi mbele na nyuma. Wengi hawakipendi kwa sura, na kwa sababu hiyo unaweza kupata gari zima kwa bei nafuu kuliko la kizazi cha pili lililochakaa. Cha nne, 1990 hadi 1993, kilisafishwa sura tena, kikapewa mfumo wa Bosch wa kuingiza mafuta kwa kompyuta, na mengi yana usukani wa pawa. Kama unataka gari la kuwasha na kuondoka kila asubuhi, chukua hilo.

Jambo moja la kuangalia: Spider nyingi ziliuzwa Marekani, na baadhi zimerudishwa Ulaya. Za kule za nusu ya pili ya miaka ya 1970 zina bampa kubwa za raba, na badala ya kabureta zina pampu ya SPICA inayosukuma mafuta kwenye kila silinda. SPICA ikiwa imewekwa sawa na fundi anayeijua, inafanya kazi vizuri sana. Tatizo ni kumpata huyo fundi. Kabla hujanunua gari la SPICA, mtafute kwanza fundi, ndipo ulitafute gari.

Kuna pia Fiat 124 Spider, lililotoka mwaka huohuo wa 1966, nalo bodi yake ni ya Pininfarina. Ni gari zuri, na bei yake kwa kawaida ni ya chini. Tofauti ya kukumbuka ni kwamba injini yake ya kamshafti mbili, kazi ya Aurelio Lampredi, inaendeshwa na mkanda wa raba ambao lazima ubadilishwe kwa wakati wake. Alfa inatumia cheni.

Hatua ya pili: nunua bodi, injini itafuata

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Spider langu la kwanza lilikuwa jekundu, rangi inawaka, viti vipya, injini inanguruma kama inaimba. Nililizunguka mara mbili, nikalipa. Miezi mitano baadaye fundi alililaza kwenye jeki, akachukua bisibisi na kugonga taratibu chini ya mlango. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Ndani hakukuwa na chuma, kulikuwa na puti na sponji iliyopakwa rangi. Nilimtazama yule fundi usoni na nikaelewa kabla hajasema neno.

Elewa sababu. Gari la kawaida lina paa la chuma linaloshika mwili wote pamoja. Gari la wazi halina. Nguvu yote iko kwenye sakafu na kwenye zile mbavu mbili ndefu zinazopita chini ya milango. Kwenye Spider kila ubavu una tabaka tatu za bati: la nje, la kati na la ndani. La nje unaliona, na linaweza kubadilishwa kwa siku mbili na kupakwa rangi likapendeza, huku la kati na la ndani yameshakuwa unga. Gari hilo linapinda katikati kila likipita kwenye shimo, na likigongwa halitakulinda.

Kwa hiyo nenda kukagua mchana, gari likiwa kavu, na uvae nguo za kulala chini. Chukua tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini isije ikakwaruza rangi, na chupa ya maji.

Anza na milango. Simama kando utazame mwanya kati ya mlango na bodi, juu mpaka chini. Uwe sawasawa. Ukikuta juu umebana na chini umeachia, gari limeanza kukunjika. Kisha mwombe mwenye gari aliinue kwa jeki pale panapoinuliwa, chini ya ubavu, na ukiwa umesimama pembeni fungua mlango na uufunge tena. Ukifunga vizuri kama kabla ya kuinuliwa, endelea. Ukikwama au ukigonga, funga daftari, shukuru, nenda nyumbani. Na kama mwenye gari anakataa lisiinuliwe kwa jeki, jibu umeshalipata.

Pitisha sumaku kwenye ubavu wote, kwenye matao ya matairi ya nyuma, na puani chini ya rejeta. Pua ya Spider iko chini na mbele kabisa, inapokea kila jiwe na kila ajali ndogo ya kuegesha, kwa hiyo mara nyingi ndipo puti ilipo nyingi. Inua mazulia, yote, hata kama yamegundishwa pembeni. Sakafu ikiwa na maji au harufu ya uvundo, jua kuna mahali panavuja. Fungua buti, toa tairi la akiba, angalia pale linapokaa.

Sasa chukua ile chupa ya maji. Nyuma ya viti, kwenye kona za pale paa linapolala likikunjwa, kuna matundu ya kupitishia maji ya mvua. Majani na vumbi huyaziba. Yakiziba, maji hayana pa kwenda ila kwenye sakafu na ndani ya mbavu, na kutu inaanzia ndani mahali ambapo jicho halifiki. Mimina maji kidogo kila upande. Yanapaswa kudondoka chini ya gari baada ya muda mfupi. Yakibaki juu yametuama, gari hilo limekuwa likinywa maji kwa miaka.

Rangi usiitazame sana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na rangi mpya ya juzi ndiyo njia ya kibaya kujitembeza.

Hatua ya tatu: sikiliza injini ikiwa baridi

Mpigie mwenye gari siku moja kabla umwambie asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine.

Injini hii asili yake ni 1954, kwenye Giulietta, na ni kazi ya kundi la Orazio Satta Puliga na Giuseppe Busso. Bloku ni ya aluminiamu, silinda zimevikwa chuma, na juu kuna kamshafti mbili. Ni injini imara. Ina udhaifu mmoja unaojulikana: gasketi ya silinda hedi, na zile pete sita ndogo za raba zinazozunguka njia za oili kati ya bloku na hedi. Zikichoka, oili na maji vinakutana. Fungua kifuniko cha oili: ukiona ute mweupe mzito kama tui la kwanza, tahadhari. Gari linaloendeshwa safari fupi tu wakati wa baridi linaweza kuwa na ute kidogo wa mvuke, kwa hiyo angalia na upande wa pili, kwenye maji ya rejeta. Ukiona utando mweusi wa mafuta juu ya maji, hilo halina mjadala, hedi lazima ifunguliwe.

Washa. Sauti ya cheni mwanzoni ni ya kawaida, ila isiendelee kugongagonga kama mabati yanayotikiswa. Cheni ina bolti ya kuikazia; pengine inahitaji kurekebishwa tu. Injini ikishapata joto vizuri, angalia geji ya oili: ikiwa imetulia isishuke sana chini ya bar 1, na ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu ikae kuanzia bar 3.5 kwenda juu. Moshi wa bluu unapoachia mafuta kwenye mteremko unamaanisha mihuri ya valvu au vishikio vyake vimekwisha. Si msiba, lakini ni hela, na ziingie kwenye mazungumzo ya bei.

Kabureta mbili zimeshikiliwa kwa vipande vya raba. Raba ikipasuka, hewa inaingia pasipotakiwa na injini inakataa kutulia. Mtu asiyejua atakwambia kabureta zimekufa, wakati kinachotakiwa ni raba mpya.

Giabox ina gia tano, jambo ambalo mwaka 1966 magari mengi ya bei yake hayakuwa nalo. Gia ya pili ndiyo inayochoka kwanza. Ijaribu hivi: panda mwendo ukiwa gia ya pili, kisha achia mafuta ghafla. Gia ikiruka yenyewe, au ukishuka kutoka ya tatu ikakwaruza, sinkro (pete inayolinganisha mwendo wa gia zinapoingiliana) imekwisha. Wakati fundi yuko chini, amulike kiungo cha raba kilicho nyuma ya giabox kwenye propela shafti. Waitaliano wanakiita giunto. Kikiwa na nyufa, kibadilishwe kabla ya safari ya kwanza, kwa sababu kikikatika mwendoni shafti inapiga chini ya sakafu karibu na kiti chako.

Hatua ya nne: karatasi

Kwa wanaoishi Italia: namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini. Ilingane na ya kwenye kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Gari lililovuka miaka 30 linasamehewa kodi ya umiliki, unalipa ada ndogo tu ya mwaka ukilitembeza barabarani. Ukaguzi ni kila baada ya miaka miwili. Ujiunge na klabu iliyo chini ya ASI, chama cha magari ya kale chenye makao hapa Torino, ili upate cheti cha gari la kihistoria. Bima ya magari ya kale ina masharti yake na kwa kawaida ni nafuu sana kuliko ya kawaida, na cheti hicho husaidia pale miji inapozuia magari ya zamani. Walio Ujerumani wana utaratibu wao wa namba yenye herufi H kwa magari ya miaka 30 na kuendelea; Uingereza msamaha wa kodi unaanza miaka 40.

Ukiweza, pata gari lenye namba zake za kwanza. Langu bado lina TO mwanzoni, namba za Torino za enzi hizo, na wazee wakiliona njiani wanajua ni mtoto wa hapa.

Hatua ya tano: mwezi wa kwanza usisafiri mbali

Hata kama muuzaji amekuonesha risiti, badilisha vimiminika vyote. Oili ya injini iwe nzito, 20W-50, inayofaa injini za zamani. Kwenye giabox mwambie fundi atie ya daraja la GL-4. Ile ya GL-5 inayouzwa kila mahali haizifai sinkro za giabox hii. Kwenye difu GL-5 ndiyo mahali pake. Maji ya breki badilisha sasa, kisha kila miaka miwili, na mipira ya breki iangaliwe. Mpira wa ndani ukivimba breki zinashika na haziachii.

Mipira ya petroli ndiyo ninayoisisitiza kwa kila anayeniuliza. Petroli ya siku hizi ina ethanoli, na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake. Inakauka, inapasuka, petroli inadondoka karibu na ekzosi iliyo moto. Weka mipira mipya inayostahimili ethanoli, na weka kizima moto pale unapoweza kukifikia ukiwa umekaa kwenye kiti.

Matairi yasome ubavuni. Kuna tarakimu nne: 3518 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Magari haya hutembea kidogo, kwa hiyo unaweza kukuta meno mazima kabisa kwenye tairi la miaka 15 lililokuwa gumu kama ubao. Litupe. Saizi ya Duetto ni 155 rimu 15, ya 1750 na 2000 ni 165 rimu 14. Usishawishike na matairi mapana: usukani unakuwa mzito, na ule utamu wa gari kuteleza kidogo na kukuambia mapema unapotea.

Marekebisho ya valvu mwachie anayejua, maana hapa hakuna skrubu ya kukaza. Kuna vifuniko vidogo vya chuma vya unene tofauti vinavyopimwa na kubadilishwa kimoja kimoja.

Hatua ya sita: kuliendesha

Gari la kabureta lililolala wiki mbili halina petroli kwenye kabureta. Zungusha stata sekunde chache mpaka petroli ifike, pumzika, kanyaga mafuta mara tatu hadi tano kabureta zimwage mafuta ndani, kisha washa. Likishika, lishikilie kwa mguu kidogo kwa dakika moja, kisha ondoka polepole. Usiliache linguruma kwenye maegesho dakika kumi. Injini inapata joto la usawa ikiwa kazini.

Mshale wa maji unapanda haraka, oili inachelewa. Dakika 15 za kwanza usivuke mizunguko 3,000. Na gia ya pili, ikiwa baridi, iheshimu: toka ya kwanza, subiri kidogo kwenye fri, kisha ingiza kwa vidole, bila kusukuma. Ukifanya hivyo kila asubuhi, giabox itaishi kuliko wewe.

Baada ya hapo, liache lifanye lililozaliwa kufanya. Kuanzia mizunguko 3,000 sauti inabadilika, kile kikohozi cha chini kinageuka kuwa wimbo mmoja mnyofu unaopanda. Unausikia mara mbili, kwenye ekzosi nyuma na kwenye kabureta mbele zikivuta hewa. Mkono wa gia unatoka chini ya dashibodi ukiwa umeinama kukujia, kiasi kwamba mkono ukitoka kwenye usukani unaufikia bila kushuka. Kwenye kona, maliza kufunga breki kabla hujaingia, kisha kanyaga mafuta mepesi ukiwa ndani. Ekseli ya nyuma ni ya mhimili mmoja mzima, kwa hiyo kona ikiwa na mashimo makalio yanaruka kidogo. Usishtuke, usifunge breki katikati. Shika usukani kwa upole, litajinyoosha.

Halihitaji mwendo mkali. Uzito wake ni kama tani moja, umekaa chini karibu na lami, na upepo unakupita masikioni. Kilomita 70 kwa saa inahisiwa kama 120 ya gari la kisasa. Furaha yake unaipata bila kuvunja sheria wala kumtia mtu hatarini.

Paa nalo lina adabu zake. Kwenye Spider ni rahisi kuliko kwenye magari mengi ya wakati wake: unafungua vishikio viwili juu ya kioo, unalisukuma nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa. Nimelipandisha kwenye taa nyekundu mvua ilipoanza, na taa ilikuwa haijageuka. Lakini dirisha la nyuma ni plastiki. Wakati wa baridi inakuwa ngumu na inapasuka ukiikunja, kwa hiyo lipashe gari joto kwanza au liache paa juu. Weka taulo laini katikati ya mkunjo. Usifute dirisha hilo kwa kitambaa kikavu hata siku moja; limwagie maji ya vuguvugu, kisha futa kwa kitambaa kilicholowa. Na turubai lililolowa lisikunjwe, litaota ukungu.

Upepo ukikusumbua, pandisha vioo vya pembeni paa likiwa chini. Hita iwashe miguuni hata mwezi wa Oktoba. Vaa kofia inayobana na ujipake kinga ya jua, hata sisi weusi. Saa tatu za jua la Julai kichwani si mchezo. Saa nzuri ni kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni.

Kwa walio nyumbani, Afrika Mashariki

Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, na sheria ya kuingiza magari yaliyotumika inakomea miaka minane, kwa hiyo kuagiza Spider kutoka Italia si jambo la kulikurupukia. Ongea kwanza na wanaoyamiliki tayari. Na wapo: Africa Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa yanayofanyika kila mwaka kwenye uwanja wa farasi wa Ngong Road, Nairobi, yanaandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo. Nenda siku hiyo, uliza, wenye magari hupenda kuulizwa.

Ukilipata, hofu yako kubwa iwe matuta. Sampu ya oili ya injini hii ni ya aluminiamu, pana kama mbawa, na inaning'inia chini kabisa. Tuta moja la kijijini lisilo na alama linaipasua, na oili yote inamwagika kabla hujaona taa. Ikingie kwa bamba la chuma chini, na tuta lipandwe kwa mshazari, polepole. Walio Pwani waoshe chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki.

Hatua ya mwisho: barabara

Jumapili mimi huamka saa kumi na moja alfajiri. Nashuka na taulo, nafuta umande juu ya kioo, nateremsha paa. Kupanda kilima cha Superga ni kona juu ya kona chini ya miti, na mwezi wa Mei harufu ya maua ya mgunga inaingia kifuani moja kwa moja, kwa sababu hakuna kioo kati yako nayo. Juu, mbele ya basilika, unauona mto Po umefunikwa na ukungu na milima ya Alpi nyuma yake ina theluji. Nazima injini. Inabaki inatoa milio midogo, tik, tik, chuma kikipoa.

Siku za mapumziko marefu naenda Langhe, vilima vya mizabibu kusini mwa Torino. Barabara za kutoka Alba kwenda Barolo na La Morra zinapita juu ya migongo ya vilima, mizabibu kulia na kushoto, na hazina haraka. Ukiingia Alba siku upepo ulipokaa vizuri, unanusa kokwa za nocciola (hazelnut) na kakao kutoka kwenye kiwanda cha Ferrero kabla hujaona nyumba ya kwanza. Wakati wa kiangazi, theluji ikishayeyuka na njia kufunguliwa, kuna Colle dell'Agnello, mita 2,744, mpakani na Ufaransa. Huko juu kabureta zinakosa pumzi kidogo na gari linapungukiwa nguvu. Hakuna kilichoharibika, ni hewa nyepesi. Kwenye kushuka tumia gia ya tatu na ya pili, breki zipumzike.

Ukirudi nyumbani, ingiza gari chini ya kivuli, acha boneti ipoe, kisha pandisha paa ulifunge, hata kama kesho asubuhi utaliteremsha tena. Turubai linaloachwa limekunjwa kwa wiki nyingi husinyaa, na siku ya mvua utalivuta mbele usilifikishe kwenye kioo.